Joto la Moshi: Kufunga Geji ya Kulinda Injini ya Lori la Kikundi



Vikundi vingi vinavyosoma kurasa hizi vilianza na kuku, vikaendelea hadi ng'ombe wa maziwa, na mwishowe vikafikia kununua lori. Siku lori linapoingia kijijini, akina mama hupiga vigelegele na watoto hulikimbilia. Ni furaha ya haki, kwa maana ni jasho la watu wengi. Lakini tangu siku hiyo mali ya watu hao wote iko mikononi mwa mtu mmoja, yaani dereva, na ndani ya injini moja.

Safari hii tunataka kuzungumza juu ya kifaa kidogo kinachoonyesha joto la moshi unaotoka kwenye injini ya dizeli yenye tabo. Sisi si makanika. Kazi yetu ni maendeleo ya jamii. Lakini jambo hili tulilijua kwa hasara, na baadaye tulikaa siku mbili katika karakana ya fundi mmoja mzee wa injini za dizeli, tukiuliza maswali mpaka tukaelewa.

YALIYOTUPATA

Mwaka 2016 kikundi kimoja cha wakulima wa viazi upande wa Nyandarua, ambacho tulikuwa tukikitembelea kila mwezi, kilikuwa na lori la mitumba lililonunuliwa kwa michango na mkopo. Lori lilikuwa linabeba viazi hadi Nairobi. Siku moja, likipanda mlima wa Kinungi baada ya kupita Naivasha, liliishiwa nguvu, likatoa moshi mwingi, likazima. Viazi vilikaa kando ya barabara siku mbili, vikauzwa kwa bei ya kutupa.

Dereva alisema, "Geji ya maji ilikuwa katikati. Sikuona dalili yoyote." Hakuna aliyemwamini. Kamati iliketi, na sisi tulikuwa tumeketi nayo. Tulikubaliana kwamba ni uzembe, akaachishwa kazi.

Injini ilipofunguliwa, pistoni moja ilikuwa imeyeyuka kichwani kama mshumaa, na ina tundu. Fundi akauliza, "Nani aliifungua hii pampu?" Hapo tukakumbuka. Miezi mitatu kabla, kamati ilikuwa imelalamika kwamba gari ni nzito mlimani, ikaomba pampu ya dizeli iongezwe nguvu. Jambo hilo limo katika kitabu cha kumbukumbu za mkutano. Tuliliandika sisi wenyewe.

Basi dereva alikuwa amesema kweli. Geji ya maji haikuonyesha kitu, kwa sababu si kazi yake kuonyesha joto hilo.

KWA NINI MOSHI HUPATA JOTO KUPITA KIASI

Injini ya dizeli huvuta hewa, huikandamiza mpaka inakuwa moto sana, halafu dizeli hunyunyizwa ndani na kuwaka yenyewe. Tabo ni magurudumu mawili yenye mapanga, yaliyo kwenye shafti moja. Moshi unaotoka huzungusha la kwanza, na la pili husukuma hewa nyingi zaidi kuingia ndani ya injini. Ndiyo maana gari yenye tabo ina nguvu kuliko isiyo nayo.

Sasa fikirieni kandili nyumbani. Ukipandisha utambi kupita kiasi, mafuta yanakuwa mengi kuliko hewa, na kioo kinajaa masizi. Injini ni vivyo hivyo. Dizeli ikizidi na hewa ikipungua, unaona moshi mweusi na joto linapanda. Hali hiyo huletwa na mambo haya:

- Mzigo mzito mlimani, dereva akiwa amekanyaga akseleta mpaka chini.
- Gia kubwa mno, injini ikizunguka polepole huku inaugua.
- Kichujio cha hewa kilichoziba kwa vumbi la barabara zetu za udongo.
- Mpira wa hewa wa tabo uliopasuka, au intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa, inayovuja.
- Nozo zilizochakaa, au pampu iliyoongezwa.
- Nchi ya juu. Kule Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Mombasa kwa karibu robo. Tabo husaidia, lakini nayo ina kikomo.

Pistoni za injini nyingi hizi ni za mchanganyiko wa aluminiamu. Aluminiamu safi huyeyuka kwenye digrii 660 za Selsiasi, na mchanganyiko huo huanza kulainika kabla ya hapo. Moshi ukifika digrii 700 pistoni haiyeyuki papo hapo, kwa sababu oili na hewa mpya inayoingia huipoza. Lakini joto likizidi hapo, na mlima ni mrefu, kupoza huko hakutoshi.

Maji ya rejeta nayo ni mengi, hupata moto polepole. Moshi hubadilika kwa sekunde chache tu. Kwa hiyo pistoni inaweza kuharibika wakati geji ya maji bado iko katikati, kama yule dereva alivyotuambia.

KIFAA CHENYEWE

Kifaa kina sehemu tatu: sensa, ambayo ni kijiti cha chuma kinachoingia ndani ya njia ya moshi, waya zake, na geji inayofungwa mbele ya dereva.

Ndani ya sensa kuna waya mbili za aina tofauti za madini, zimeunganishwa kwenye ncha. Ncha ikipata moto, umeme mdogo sana hutokea. Kwa aina inayotumika zaidi, inayoitwa aina ya K, moshi ukiwa digrii 700 umeme huo ni milivolti 29 hivi. Betri moja ya tochi hutoa milivolti 1,500. Ni umeme mdogo kweli, na ndiyo sababu waya zake hazitaki mchezo, kama tutakavyoona.

Kabla ya kununua, ulizeni mambo manne:

1. Je, geji ni ya volti 12 au 24? Malori mengi ya Kijapani hapa kwetu yana betri mbili zilizounganishwa kuwa volti 24. Geji nyingi hutengenezwa kwa volti 12. Ukiiweka kwenye 24 itaungua siku ile ile.
2. Je, inasoma Selsiasi au Farenhaiti? Geji za Kimarekani husoma Farenhaiti. 1,300 ya Farenhaiti ni karibu 700 ya Selsiasi. Dereva asichanganye.
3. Je, sensa na geji ni za aina moja? Nunueni seti kamili.
4. Je, thredi za sensa ni za aina gani? Nyingi ni za inchi moja ya nane za bomba, za mtindo wa Kimarekani, zenye thredi 27 kwa inchi. Za Kiingereza zina 28. Zinakaribiana kwa macho, lakini haziingiliani vizuri na moshi utavuja. Tapu ya kukata thredi lazima ifanane na sensa.

Tena, kama lori lenu ni jipya, lina kompyuta, au bado lina garanti, msitoboe chochote kabla ya kumwuliza aliyewauzia. Magari mengine ya siku hizi yana sensa kama hizo tayari.

WAPI PA KUTOBOA

Kuna mahali pawili. Pa kwanza ni kabla ya tabo, kwenye manifoldi, kile chuma kizito kinachokusanya moshi kutoka silinda zote. Pa pili ni baada ya tabo, kwenye bomba la ekzosi.

Baada ya tabo ni rahisi kutoboa na hakuna hatari ya vipande vya chuma kuingia ndani ya tabo. Lakini moshi ukisha kuzungusha tabo unapoteza joto. Gari ikivuta mzigo tofauti inaweza kuwa digrii 100 hadi 200, na haikai mahali pamoja. Dereva anabaki kukisia.

Fundi wetu alisema wazi: "Kama mnataka kujua pistoni inahisi nini, pimeni kabla ya tabo." Pachaguliwe mahali ambapo moshi wa silinda kadhaa umekutana, karibu na tabo, chuma kikiwa kinene, na ncha ya sensa ifike katikati ya njia bila kugusa ukuta wa pili. Manifoldi nyingine zina ukuta ndani unaogawa njia mbili. Msitoboe juu ya ukuta huo.

HATUA KWA HATUA

Kazi hii ifanywe na fundi anayejua. Tunaandika hatua hizi ili mwakilishi wa kikundi asimame pale akijua kinachoendelea.

1. Injini ipoe kabisa. Wekeni mawe kwenye magurudumu, toeni waya wa betri. Kama kichwa cha lori huinuliwa, hakikisheni loki yake imeingia. Kichwa kikianguka kinaua mtu.

2. Fungueni tabo na manifoldi, mtoboe zikiwa mezani. Boliti za hapo huwa zimeshikwa na kutu kwa ajili ya joto, kwa hiyo zipakwe mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake. Nunueni gasketi mpya kabla ya kuanza.

Hapa ndipo mafundi wengi watawaambia, "Haina haja, tutatoboa hapo hapo juu ya gari, halafu tupige stata moshi usukume vile vipande nje." Msikubali. Vipande hivyo vitapita kwenye tabo. Gurudumu la tabo linaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kipande kidogo cha chuma kikipiga panga lake mtanunua tabo nyingine. Mtakuwa mmeharibu kile mlichotaka kulinda.

3. Pigeni alama kwa senta panchi ili drili isiteleze. Anzeni na biti ndogo ya milimita 3, halafu mpanue polepole. Kwa thredi za Kimarekani za inchi moja ya nane, tundu la mwisho ni milimita 8.6 hivi. Drili isimame wima, wala isiharakishwe. Manifoldi ni chuma cha kumimina, ukikilazimisha hupasuka.

4. Kateni thredi kwa tapu. Pakeni grisi, zungusheni nusu mzunguko mbele, kisha rudisheni robo nyuma ili vipande vikatike. Thredi hizi huwa nyembamba kadiri zinavyoingia ndani, kwa hiyo jaribuni sensa mara kwa mara. Mkizidisha tapu, sensa italegea.

5. Safisheni manifoldi yote kwa sumaku, kwa brashi na mafuta, halafu kwa hewa ya kompresa. Mwangalie ndani kwa tochi. Mwakilishi wa kikundi aangalie kwa macho yake mwenyewe.

6. Rudisheni manifoldi na tabo na gasketi mpya. Pakeni thredi za sensa grisi ya shaba ili siku nyingine itoke bila kuvunjika. Kazeni vya kutosha, bila kutumia nguvu za ng'ombe.

7. Pitisheni waya mbali na ekzosi na mbali na vitu vinavyozunguka. Kwa lori la kuinua kichwa, acheni waya ulegee kidogo pale kwenye bawaba, la sivyo utakatika siku ya kwanza ya kuangalia oili.

8. Waya wa sensa usikatwe wala kuongezwa kwa waya wa kawaida wa shaba. Ukiunga hivyo, geji itaonyesha uongo. Kama ni mrefu, ukunjwe ufungwe vizuri. Tena angalieni rangi: kwa utaratibu wa Kimarekani wa aina ya K, waya wa njano ndio chanya na mwekundu ndio hasi. Mafundi wa umeme wa gari wamezoea nyekundu kuwa chanya, kwa hiyo hukosea hapa mara nyingi. Someni karatasi iliyokuja na seti.

9. Umeme wa geji utoke kwenye swichi ya ufunguo, upitie fyuzi ndogo, na waya wa athi ufungwe kwenye chuma kisafi. Geji iwekwe mahali ambapo dereva anaiona bila kugeuza kichwa.

10. Washeni injini. Mshale upande polepole. Ukirudi nyuma, waya zimebadilishana. Sikilizeni kama kuna sauti ya moshi kuvuja karibu na sensa.

KUSOMA GEJI

Hesabu hizi ni za sensa iliyo kabla ya tabo, kwa injini za kawaida za dizeli. Kama kitabu cha injini yenu kinasema vingine, fuateni kitabu.

- Injini inanguruma tu bila mzigo: kati ya digrii 100 na 200.
- Barabara tambarare na mzigo: kati ya 350 na 500.
- Mlimani: 550 hadi 650. Dereva awe macho.
- 700: apunguze mara moja.
- Zaidi ya 750: hapo ni hatari, asiendelee kukanyaga.

Dereva afanye nini? Kwanza, aachilie akseleta kidogo. Pili, ashuke gia moja ili injini izunguke haraka na kupata hewa zaidi. Akae kushoto, wenye haraka wapite. Mshale utashuka kwa muda mfupi sana.

Na akifika juu ya mlima, kwa mfano Kimende anapotaka kunywa chai, asizime injini papo hapo. Aiache ingurume dakika tatu hadi tano, mshale ushuke chini ya 200. Akizima tabo ikiwa moto, oili iliyobaki ndani huungua ikawa makaa, na beringi zinaanza kufa.

DAFTARI LA GARI

Faida kubwa ya geji hii kwa kikundi ni kulinganisha. Kila safari dereva aandike tarehe, mzigo, mlima aliopanda, na joto la juu aliloona. Kama mlima ule ule, na mzigo ule ule, ulikuwa unatoa 620 na mwezi huu unatoa 690, kuna kitu kimebadilika. Anzeni na kichujio cha hewa, halafu mipira ya hewa, halafu nozo. Kichujio ni bei ndogo, na injini ni miaka ya michango.

Lakini tusidanganyane. Geji haipozi injini. Haichukui nafasi ya geji ya maji wala taa ya oili, wala haitoi ruhusa ya kupakia kupita kiasi. Inasema tu. Na kusema hakusaidii kama kamati inampigia dereva simu kila nusu saa ikimwuliza, "Umefika wapi? Soko linafungwa!" Kikundi kikiweka geji, kiweke pia azimio kwamba dereva ana ruhusa ya kupunguza mwendo mlimani na hataulizwa kwa nini amechelewa. Azimio hilo liandikwe katika kitabu cha kumbukumbu.

Ile injini ilitengenezwa, pampu ikarudishwa kipimo chake, na geji ikafungwa. Mkopo ulichukua muda mrefu zaidi kulipwa. Na yule dereva? Tulikwenda nyumbani kwake, wanakamati watatu pamoja na sisi, tukamwomba msamaha mbele ya mke wake. Alitukaribisha chai, akatusikiliza mpaka mwisho. Kurudi kazini alikataa, alikuwa amepata kazi kwingine. Alituuliza jambo moja tu: kama huyo dereva mpya ameonyeshwa namna ya kuisoma hiyo geji. Tulimwambia ndiyo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Lori, trekta au mashine yetu ya kusaga ikiharibika leo, ni nani tutakayemlaumu kwanza? Kwa nini?
2. Je, kuna wakati tuliagiza fundi "aongeze nguvu" bila kuuliza matokeo yake?
3. Dereva wetu ana uhuru wa kusema "mzigo huu umezidi"? Alipowahi kusema, tulimjibu nini?
4. Kichujio cha hewa kilisafishwa au kubadilishwa lini? Iko wapi tarehe yake kwa maandishi?
5. Tukitaka kununua geji, nani ataulizia bei katika maduka yasiyopungua matatu, na nani atasimama na fundi siku ya kutoboa?